Nani mwingine ana ufunguo? Historia fupi ya rekodi za wanafunzi

Kuna swali ambalo walimu wakuu na wanachama wa bodi za shule hupenda kuniuliza wakishajua kwamba kazi yangu ni kutunga programu: "Tununue programu gani iliyo salama ya kuweka rekodi za wanafunzi?" Wanataka jina moja tu, walipeleke kwenye mkutano, lipitishwe, biashara iishe.

Jina ninaweza kutaja, lakini halitawafaa kwa muda mrefu. Programu inayosifiwa leo inaweza kuuzwa mwakani kwa kampuni nyingine na kudukuliwa mwaka unaofuata. Si nadharia hiyo, imeshatokea, na watoto mamilioni wameathirika. Kwa hivyo leo badala ya jina nitawapa historia. Ukijua rekodi za wanafunzi zilivyotoka kwenye kabati la chuma hadi kwenye seva iliyo bara jingine, utajua mwenyewe cha kumwuliza yule kijana wa mauzo anayekuja shuleni na tai na kipakatalishi.

Kabla sijaanza, msomaji anaweza kuuliza: kwani mwizi atafanya nini na alama za hesabu za mtoto wa darasa la sita? Alama labda hazitaki. Lakini rekodi ya shule si alama pekee. Ina jina kamili la mtoto, darasa lake, bweni lake, ugonjwa wake, jina la mzazi na nambari yake ya simu. Sasa kumbuka ule ulaghai tunaoujua sote hapa Kenya: simu inalia, sauti ya heshima inajitambulisha kuwa mwalimu, inasema mwanao ameanguka, amekimbizwa hospitali, tuma pesa haraka kwa nambari hii. Mlaghai asiyejua jina la mtoto hubahatisha. Mlaghai mwenye orodha ya shule habahatishi. Anataja jina, darasa, hata pumu ya mtoto. Ni mzazi gani atakayesita?

Kabati na ufunguo wake

Kabla ya tarakilishi, usalama wa rekodi za shule ulikuwa kabati. Rejista ya waliojiunga, daftari la mahudhurio, faili za nidhamu, nakala za kadi za ripoti, vyote vilikaa ofisini na ufunguo ulikuwa kwa mwalimu mkuu na karani. Mwizi alilazimika kufika, kuvunja mlango na kubeba karatasi kwa mikono yake. Angebeba ngapi?

Lakini kabati nalo lilikuwa na ubaya wake, na ubaya huo ndio uliozaa sheria za kwanza. Huko Marekani, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, faili za shule zilijaa maoni ya walimu na washauri kuhusu tabia za watoto na hata hali ya familia zao. Wazazi wengi hawakuruhusiwa kuyasoma, ilhali watu wa nje wangeweza kuonyeshwa. Mwaka 1973 kamati ya serikali iliyoongozwa na Willis Ware, mtaalamu wa tarakilishi kutoka shirika la RAND, ilitoa ripoti kuhusu tarakilishi na haki za raia. Ndani yake mlikuwa na kanuni tano ambazo nikizieleza kwa lugha ya kawaida ni hizi: pasiwe na hifadhi ya siri ya taarifa za watu, mtu aweze kujua kilichoandikwa juu yake, kilichokusanywa kwa kazi moja kisitumiwe kwa nyingine bila idhini, mtu aweze kurekebisha makosa, na anayetunza taarifa ahakikishe ni sahihi na hazitumiwi vibaya.

Machi 1974 mwandishi Diane Divoky akachapisha katika jarida la Parade makala kuhusu faili za siri za shule na madhara yake kwa watoto. Seneta James Buckley akalichukua jambo hilo, na Agosti mwaka huo huo Rais Gerald Ford akatia sahihi sheria inayojulikana kwa kifupi kama FERPA, inayompa mzazi haki ya kuona rekodi za mwanawe na kuizuia shule kuzitoa ovyo.

Ona kwamba katika hadithi hiyo yote mwizi hayupo. Swali la mwaka 1974 lilikuwa nani anasoma na kwa ruhusa ya nani. Lishikeni swali hilo, tutalihitaji.

Tarakilishi moja kwa sekretari

Turudi nyumbani. Mwaka 2003 serikali ya Kenya ilianzisha elimu ya msingi bila malipo. Wanafunzi wa shule za msingi waliruka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2, na kila mmoja akawekewa shilingi 1,020 kwa mwaka. Pesa zikifuata idadi, kuhesabu watoto kunakuwa kazi nzito. Taratibu shule zilizoweza zikaanza kununua tarakilishi.

Wengi tulioanza ufundi huu miaka ile tunaikumbuka ile mashine: ipo kwenye meza ya sekretari, imefunikwa kitambaa kuzuia vumbi, ina orodha za karo kwenye Excel na pengine programu ndogo ya Access au Visual Basic 6 iliyotungwa na kijana wa mtaani. Nenosiri limeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa kando ya skrini. Virusi huja kwa diski na baadaye kwa flashi. Umeme ukipotea na kazi hujahifadhi, imekwenda.

Kwa vipimo vya sasa huo ni usalama duni sana. Lakini ulikuwa na sifa moja ambayo hatukuithamini: hasara ilikuwa na mpaka. Aliyeiba ile mashine aliiba shule moja. Mtu aliyeko Massachusetts hakuwa na njia ya kuifikia, kwa sababu haikuunganishwa na chochote.

Mwaka 2009 nyaya za baharini zilifika pwani yetu, TEAMS ikitua Mombasa mwezi Juni na SEACOM ikianza kazi Julai. Kabla ya hapo intaneti yetu ilipitia setilaiti, polepole na kwa bei kali. Baada ya hapo kampuni zikaanza kuuzia shule programu zinazofunguliwa kwenye kivinjari: hakuna cha kusakinisha, nakala rudufu zinatunzwa na kampuni, mzazi anaona alama na salio la karo kwenye rununu yake. Faida hizo ni za kweli na sizidharau.

Ila ndani ya seva jambo kubwa lilibadilika. Zamani kila shule ilikuwa na hifadhidata yake. Sasa mara nyingi shule mamia zinakaa kwenye hifadhidata moja, na kinachotenganisha wanafunzi wa shule yako na wa jirani ni safu moja ya jedwali yenye nambari ya shule. Mtunga programu akisahau kuiangalia nambari hiyo kwenye ukurasa mmoja tu, ukuta umeanguka. Na mwenye ufunguo mkuu wa kampuni anafungua shule zote kwa mkupuo.

Programu iliyouzwa mara nne

Sasa niwasimulie maisha ya programu moja, maana ndiyo darasa bora ninalolijua. Inaitwa PowerSchool. Ilianzishwa mwaka 1997 huko California na Greg Porter, na ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kuweka rekodi za wanafunzi kwenye wavuti, mzazi akawa anafuatilia alama na mahudhurio akiwa nyumbani. Kwa wakati ule lilikuwa jambo la ajabu.

Mwaka 2001 Apple iliinunua kwa hisa za dola milioni 62 hivi. Mwaka 2006 Apple ikaiuza kwa Pearson, wachapishaji wa vitabu. Mwaka 2015 Pearson wakaiuza kwa Vista Equity Partners kwa dola milioni 350. Mwaka 2021 ikaingia soko la hisa la New York. Mwaka 2024 Bain Capital wakainunua kwa dola bilioni 5.6. Kufikia hapo ilikuwa inahudumia wanafunzi zaidi ya milioni 60 katika nchi nyingi.

Fikiria shule iliyoichagua mwaka 1999. Kamati ilikaa, ikalinganisha, ikaamini kampuni ndogo ya watu inaowajua. Miaka 25 baadaye rekodi ziko mikononi mwa mmiliki wa tano. Kamati ile haikupiga kura hata mara moja kati ya hizo nne.

Desemba 2024 yakatokea yaliyotokea. Kampuni ilikuwa na tovuti ya ndani ya kuhudumia wateja, iitwayo PowerSource. Humo mlikuwa na zana ya matengenezo: shule ikipiga simu kwamba kuna tatizo, fundi anaingia kwenye mfumo wa shule hiyo kutoka mbali na kurekebisha. Mdukuzi alipata jina la mtumiaji na nenosiri la mtu mmoja aliyekuwa na kandarasi na kampuni. Hakuvunja usimbaji fiche wala hakutumia ujanja wa filamu. Aliingia kwa mlango wa fundi, na mlango huo haukudai uthibitisho wa hatua mbili. Akaagiza mfumo unakili majedwali ya wanafunzi na walimu, shule baada ya shule.

Kampuni iligundua tarehe 28 Desemba na kutangaza Januari 7, 2025. Mdukuzi alidai ana rekodi za wanafunzi zaidi ya milioni 62 na walimu milioni 9.5. Kwa wengine yalikuwa majina na anwani, kwa wengine nambari za hifadhi ya jamii na maelezo ya afya. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa nenosiri hilohilo lilikuwa limetumika kuingia miezi kadhaa kabla, Agosti na Septemba 2024. Kampuni ililipa fidia na kuonyeshwa video ya data zikifutwa. Mei 2025 baadhi ya shule, zikiwemo za Toronto, zikaanza kupokea barua za vitisho kuhusu data zilezile. Video ya mwizi haikuwa na thamani. Aliyekiri kosa alikuwa mwanafunzi wa chuo mwenye miaka 19, na Oktoba 2025 alihukumiwa kifungo cha miaka minne.

Mambo mawili katika mkasa huu yanastahili kukaziwa macho.

La kwanza: baadhi ya shule zilizoathirika hazikuwa kwenye seva za kampuni kabisa. Zilikuwa na seva zao, kwenye majengo yao. Lakini kile kipengele cha fundi kuingia kutoka mbali kilikuwa kimeachwa wazi mchana na usiku. Zilizokuwa zimekizima zilisalimika. Swichi moja tu! Ndiyo maana wakati mtu ananiambia "sisi tuko salama, seva iko ofisini kwetu", namwuliza nani mwingine anaweza kuingia humo akiwa kwake. Makamishna wa faragha wa majimbo ya Ontario na Alberta, Kanada, walipotoa ripoti zao mwishoni mwa 2025, waligusa hapohapo: mikataba isiyo na vifungu vya kutosha vya faragha na usalama, na milango ya mafundi isiyodhibitiwa.

La pili: bodi ya shule za Toronto ilitangaza kwamba rekodi zilizoguswa zilirudi nyuma hadi mwaka 1985. Mtoto aliyeingia shule mwaka huo ana zaidi ya miaka 40 leo. Pengine hata hajawahi kusikia jina PowerSchool. Taarifa isiyokuwepo haiibiwi, lakini yake ilikuwepo.

Bei kubwa si kinga

Msije mkadhani dawa ni kununua ghali zaidi. Jiji la Stockholm, Sweden, lilitengenezewa mfumo wake wa shule, Skolplattformen, uliogharimu zaidi ya kronor bilioni moja. Novemba 2020 mamlaka ya ulinzi wa data ya Sweden ililitoza jiji faini ya kronor milioni 4, kwa sababu mfumo ulikuwa na mianya iliyowezesha mtu aliyeingia kihalali kuona, kwa njia rahisi tu, taarifa za wengine, zikiwemo za wanafunzi wenye ulinzi maalum wa utambulisho.

Mianya ya jinsi hii sisi watunga programu tunaijua. Mara nyingi huwa hivi: mzazi anafungua ukurasa wa mwanawe, anwani juu inaishia na nambari 1204. Akiandika 1205 anaona mtoto wa mtu mwingine, kwa sababu seva iliuliza "umeingia?" lakini haikuuliza "huyu ni mwanao?"

Kilichofuata Stockholm kinafurahisha. Mapema 2021 kikundi cha wazazi wajuzi wa programu, wamechoka na mfumo mgumu kutumia, walitunga programu yao ya rununu na kuiweka wazi kama programu huria. Jiji likapambana nao na kufikisha jambo hilo polisi. Polisi hawakuona kosa, na baadaye mwaka huohuo jiji likabadili msimamo na kukubali programu za nje. Funzo langu hapo: mtazame muuzaji anavyompokea mtu anayemwonyesha kasoro. Anayemshukuru ataziba mwanya. Anayekimbilia polisi atakuwa na mianya mingi asiyoijua.

Na programu huria je? Naipenda na ninaitumia. Moodle, iliyotoka mwaka 2002 kwa kazi ya Martin Dougiamas wa Australia, imefundishia vyuo vingi vya kwetu. Uhuria unakupa haki ya kukagua na kuhama. Haukupi mtu wa kusakinisha marekebisho ya usalama kila yanapotoka. Shule isiyo na mtu huyo, programu huria iliyozeeka kwenye seva ya stoo ni hatari kuliko ya kulipia.

Sisi tumefika wapi

Mwaka 2017 Wizara ya Elimu ilileta NEMIS, kila mwanafunzi akapewa nambari yake ya utambulisho na cheti cha kuzaliwa kikawa sharti la kusajiliwa. Mwaka 2025 wizara ikatangaza kuhamia mfumo mpya, KEMIS. Kwa hiyo hata shule isiyonunua programu yoyote tayari inapeleka rekodi za watoto kwenye seva isiyo yake.

Sheria ya Ulinzi wa Data ilitiwa sahihi Novemba 2019. Inasema taarifa za mtoto zisishughulikiwe bila idhini ya mzazi au mlezi, na kwa njia inayolinda maslahi ya mtoto. Inataka data zisikae kuliko inavyohitajika. Inataka mkataba wa maandishi kati ya shule na kampuni inayoshughulikia data kwa niaba yake. Ikitokea uvujaji wenye hatari ya kweli, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Na kanuni za usajili zinazijumuisha taasisi za elimu, hata zile ndogo.

Si sheria ya kupamba rafu. Septemba 2023 Kamishna aliitoza Roma School ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Picha tu. Aliyewajibishwa ni shule, na hilo ndilo bodi nyingi hazijalielewa: kununua programu hakuhamishi jukumu. Likiharibika, mzazi hatamtafuta aliyetunga programu. Atakuja kwenye lango la shule.

Maswali sita ya kumwuliza muuzaji

1. Nani kwenu anaweza kufungua rekodi zetu, na anaingiaje? Jibu zuri: mlango wa fundi umefungwa daima, shule yenyewe ndiyo inaufungua, unajifunga baada ya saa chache, na kila aliyeingia ameandikwa mahali ambapo shule inaweza kusoma.

2. Je, uthibitisho wa hatua mbili ni lazima kwa kila mtu, pamoja na wafanyakazi wenu na wenye kandarasi? Nambari inayotengenezwa na programu ya rununu ni bora kuliko SMS, maana laini kubadilishwa kwa hila hapa kwetu si habari mpya.

3. Ni sehemu zipi za fomu tunaweza kuziondoa, na mwanafunzi aliyehitimu anafutwa lini? Baki na cheti na alama za mwisho ukihitajika. Nambari ya simu ya mzazi wa mwaka 2009 huihitaji.

4. Tukihama, au kampuni yenu ikiuzwa, tunapata data zetu kwa muundo gani na ninyi mnafuta lini? Iandikwe kwenye mkataba. Faili la kawaida linalofunguka kwenye Excel linatosha. "Tutazungumza wakati huo" si jibu.

5. Nani wa nje amewakagua, na nikigundua kasoro nimwandikie nani? Omba pia akaunti ya majaribio yenye wanafunzi wa kubuni, kisha kwa ruhusa yake jaribu ile hila ya 1204 na 1205 mbele yake. Dakika tano tu.

6. Mkidukuliwa mtatuambia baada ya saa ngapi? Shule ina 72 tangu ijue. Muuzaji akikaa wiki mbili kimya, shule inachelewa kujua na wazazi wanachelewa kuonywa.

Muuzaji mzuri atafurahi kuulizwa haya. Anayesema "mfumo wetu una usimbaji fiche wa kiwango cha benki" na kunyamaza, mrudishe kwenye swali la kwanza. Data za PowerSchool hazikuibwa kwa kuvunja kufuli. Ufunguo ulitumika, na kwa ufunguo kufuli hufunguka, hiyo ndiyo kazi yake.

Na kwa shule ndogo ya wanafunzi 200, isiyo na mtu wa teknolojia wala bajeti: hakuna aibu kubaki na lahajedwali kwenye mashine moja yenye diski iliyosimbwa, nenosiri ambalo halijabandikwa kwenye skrini, na nakala rudufu ndani ya sefu. Hasara yake ina mpaka. Mkiwa na mtu wa kuyauliza maswali haya na kuyaelewa majibu, ndipo mkanunue.

Haya, chapisheni maswali sita muende nayo kwenye mkutano wa bodi. Kwaherini kwa sasa.